Maadui Walionisaidia Kukariri Alama za Barabarani

Pikipiki ya marehemu mume wangu ilikuwa Nkanka, nyumbani kwa shemeji yangu, imefunikwa turubai. Alitamka mbele ya ukoo mzima: "Lete provizwari mbele ya Pasaka, moto ya marehemu ni yako. Ukikosa, mi nauzisha." Zilibaki wiki tano. Alijua kibali hicho cha kujifunzia udereva hupatikana kwa mtihani, nami sijawahi kufungua kitabu cha sheria za barabarani.

Nikajiandikisha kwa mwalimu aliyefundisha nyuma ya soko la Kamembe, kwenye chumba cha viti vya plastiki. Tulikuwa kumi na mmoja, mwanamke mimi peke yangu. Siku ya kwanza fundi wa baiskeli aliyeketi nyuma yangu aliuliza kwa sauti, "Maman, hii moto utapanda na kitenge?" Wakacheka. Mwalimu alicheka kuliko wote.

Mbinu yake ilikuwa wimbo. Alikuwa na kitabu cha maswali ya zamani, akayageuza majibu kuwa herufi tu, tukaziimba kama kwaya: a, d, d, b, a. Maswali yenyewe hakuna aliyeyasoma. Nilimuuliza itakuwaje kompyuta ya mtihani ikiyachanganya.

"Maman, imba. Benzako banaimba."

Wiki ileile wanafunzi wake watatu walirudi kutoka kwenye mtihani wameanguka. Walikaa, wakaimba tena. Mimi nikaacha kuimba.

Nyumbani nilijaribu kukariri kama kawaida, na kila asubuhi nikakuta kichwa kitupu. Kitu kimoja tu sisahau: mtu aliyenikosea. Basi nikaanza kuzigawa sheria kwa watu hao.

Kumpisha anayetokea kulia nilimpa shemeji. Siku ya kumaliza matanga aliketi kulia kwangu, akapakuliwa kwanza, nami mjane nikangoja. Pembetatu yenye ncha chini ilikuwa uso wa mwalimu, paji pana na kidevu chembamba: ukiuona, punguza mwendo, pisha. Duara lenye ukingo mwekundu lilikuwa mdomo wa mama mkwe, ambao kwangu haujawahi kutoa neno ila la kukataza: usipite, usiingie, usipige honi. Duara la buluu lilikuwa kofia ya mlinzi wa soko, anayekuamuru pa kupita hata kama hukumuuliza.

Nilivichora vichwa hivyo kwenye daftari, kila kimoja na alama yake. Fundi wa baiskeli akachungulia.

"Aba bote ni ba adui yako?"

"Bote. Wewe uko ukurasa wa tatu, alama ya ng'ombe barabarani."

Hakucheka siku hiyo.

Kwenye mtihani maswali yalikuja yamechanganywa. Fundi alikuwa kwenye kompyuta ya pembeni, midomo ikimchezacheza. Alipata saba juu ya ishirini. Mimi nilipata kumi na saba, na sikumpa pole.

Juma lililotangulia Pasaka nilikwenda Nkanka. Shemeji aliisoma karatasi ya provizwari mbele na nyuma, akaiinua kwenye mwanga.

"Provizwari haiendeshe moto, maman."

"Hukusema niendeshe. Ulisema nilete."

Ndugu zake walikuwa wamekaa pale kwenye benchi, na wote walikuwepo alipotoa ile ahadi. Akaingia ndani, akakaa sana, akarudi na ufunguo. Hakunipa mkononi, aliuweka juu ya turubai.

Tairi zote mbili hazikuwa na upepo. Niliisukuma hadi barabara kubwa, mlima mtupu, na wao wakitazama. Hakuna aliyeinuka.