Nilimwambia Dada Laptopu ya Marehemu Imekufa

Nimekosa, jamani, na safari hii sina shetani wa kumsingizia. Nilikuwa mimi, bisibisi yangu na uroho wangu. Naandika bila jina kwa sababu Wete ni mji mdogo, na hapa Jadida ninapokaa, ukipiga chafya asubuhi, mchana unaulizwa mafua yanaendeleaje. Lakini nisiposema nitapasuka.

Mimi ni mtu wa Linux. Kwa asiyeijua, ni mfumo wa kuendeshea kompyuta, wa bure, na sisi tunaoutumia tuna maringo kuliko bibi harusi. Na tuna ugonjwa wetu. Mtu mwengine akijaaliwa hununua laptopu mpya, nyembamba, inayong'aa. Sisi tunataka kuukuu! Tunataka zile nyeusi nene za maofisini, zenye kidude chekundu katikati ya kibodi, zilizotumika mpaka wenyewe wakazichoka.

Kwa nini? Kwa sababu unaifungua kwa bisibisi moja. Ram, yaani kumbukumbu yake, unabadilisha mwenyewe, betri unaichomoa, na ukiitia Linux kila kitu kinakubali: waifai, sauti, kamera, mpaka taa ya kibodi. Hizi mpya kila kitu kimegandishwa ndani. Ukiitia Linux leo sauti imegoma, kesho waifai imekata.

Yangu ilikuwa ya hizo nyembamba, niliinunua kabla sijaerevuka. Tangu kuitia Linux spika zake hazijatoa hata mlio, bubu kabisa. Kwenye grupu letu watu wakirusha picha za nyeusi zao, mimi naweka vidole vya pongezi huku roho inaniuma.

Sasa, shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, alikuwa nayo nyeusi. Alikuwa mwalimu kule Micheweni, mtu mpole, hajui Linux wala hana haja nayo. Laptopu yake ilikuwa safi, kibodi haijafutika hata herufi moja. Kila nikienda kwao jicho langu liko pale.

"Shemeji, hiyo ukiichoka usinisahau."

"Mpaka nife, yakhe!" Alikuwa akicheka sana akisema hivyo.

Akafa kweli. Maradhi ya koo yalimla taratibu, sauti ikawa inakuja na kupotea, mwisho ikapotea moja kwa moja. Mungu amrehemu. Alimwacha dada na mtoto wa kike wa miaka minane. Nimwite Raya, si jina lake.

Dada akakaa eda, miezi minne na siku kumi. Hatoki ila kwa dharura, na mwanamme asiye maharimu wake haingii alipo. Mwezi wa pili akanipigia simu.

"Ndugu yangu, laptopu ya marehemu haiwaki. Miye kutoka siwezi, na fundi wa nje n'tamwingiza vipi humu? Njoo uitazame weye."

Nilikwenda siku hiyo hiyo. Wengine mtasema mapenzi ya ndugu. Hapana, nilikimbilia ile mashine. Raya akanifuata mpaka mlangoni.

"Mjomba, itapona?"

"Itapona."

"Lini?"

"Wiki hii hii, inshaallah."

Na ilipona! Siku ya pili tu. Niliifungua, nikachomoa ram, nikaisafisha, nikairudisha, ikawaka. Kazi ya dakika kumi. Ikanionesha picha ya shemeji na kisanduku cha neno la siri. Alikuwa ananitazama na kile kicheko chake.

Hapo ndipo nilipopaswa kupiga simu niseme, dada, imepona. Badala yake nilikaa nikaipapasa kibodi. Nikajiambia, wataifanyia nini hawa? Itakaa kabatini ishike kutu. Nikajiambia, si alisema mwenyewe, mpaka nife? Nafsi ikitaka kitu haikosi hoja.

Nikapiga simu.

"Dada, ile imekufa. Ubao wake wa ndani umeungua."

"Na vilivyomo ndani?"

"Vimeungua navyo."

Wallahi wakati nasema hayo ilikuwa inawaka mbele yangu! Dada akasema, "Basi, amri ya Mungu. Usiitupe lakini." Nikasema sitaitupa.

Kwenye kile kitufe kirefu cha chini palikuwa na nukta nyekundu ya rangi ya kucha. Nikacheka. Mwalimu mzima na rangi ya kucha! Nikaisugua kwa spiriti ikatoka, ikabaki alama hafifu. Kisha nikachomeka flashi yangu ya Linux, ikaniuliza nifanyeje na diski, nikachagua kufuta yote. Sikufungua hata folda moja. Ningeweza. Bila hata neno la siri ningeweza kunakili kila kitu kwa saa moja, ndiyo kazi ninayojisifia mtaani. Niliona itakuwa mitihani ya wanafunzi na barua za skuli, nikaona uvivu.

Nikabandika stika za pengwini, nembo ya Linux, kwenye mfuniko. Nikairusha picha kwenye grupu: "Hatimaye nami!" Pongezi zikamiminika. Mmoja akaniuliza nimeipata wapi, nikamjibu Mungu akitaka kukupa hakuletei barua.

Ili nafsi itulie, ile bubu yangu nikampelekea dada. Nikamwambia, ya mtoto ajifunzie. Alilia dada yangu, akaniombea dua mbele yangu, Mungu anizidishie. Nami nikaitikia amin! Raya aliibonyeza bonyeza kidogo, akaniuliza mbona haisemi. Nikamwambia ndivyo ilivyo. Akaifunga.

Eda ikaisha. Siku ya dada kutoka tulikusanyika Micheweni, wanawake wanapika uani, watu wanakuja kumpa mkono. Nilitoka kazini moja kwa moja na begi langu begani. Sikuwa na wasiwasi, nilishamwambia kila mtu nimeinunua Unguja. Binamu yangu akaniomba nimwandikie barua ya kuomba kazi. Nikaitoa, nikaifungua ukumbini juu ya mkeka, nikaanza.

Raya akapita na sinia la vikombe. Akasimama, akaweka sinia chini. Akachutama, akatia kidole chake juu ya ile alama ya rangi.

"Mjomba," akasema, "imepona!"

Akapiga kelele mpaka uani: "Mama! Njoo! Ya baba imepona!"

Akakaa kitako, akavuta mtandio akajifunika vizuri kama anavyokaa chuoni kwenye Kurani. Akakibonyeza kile kitufe kirefu, akangoja. Kwenye barua ya binamu ikasogea nafasi moja tupu. Akabonyeza tena, akangoja tena, kichwa amekiinamisha anasikiliza. Akanitazama.

"Baba hasemi."

Dada alikuwa keshafika mlangoni, mikono ina unga. Aliitazama laptopu, akanitazama mimi. Akamwambia binamu na Raya watoke kidogo.

"Ilikuwa nzima?"

"Ilikuwa nzima, dada."

"Siku ile unan'ambia imeungua?"

"Ilikuwa nzima."

Akakaa chini. Ndipo akanieleza nilichokifuta, taratibu, bila kupandisha sauti, na heri angenipiga. Shemeji alipoambiwa koo halitapona, kila alasiri sauti ilipomjia kidogo alikuwa akijirekodi. Alikuwa anamsomea Raya Juzuu Amma, ile ya mwisho ya Kurani, sura baada ya sura. Anasoma aya, anasema, "Haya, mama, sema weye," kisha ananyamaza ili mtoto airudie, ndipo anaendelea. Ile rangi ya kucha aliitia yeye, Raya ajue pa kubonyeza kusimamisha na kuendelea. Alikuwa amemaliza juzuu nzima. Sura za mwisho alizisoma na sauti inakatika, akawa anakunywa maji na kuanza upya, mpaka akazimaliza. Mtoto alikuwa ameshahifadhi nusu wakati mashine ilipogoma.

"Nakala nyengine hamna?" nikauliza. Swali la kijinga, na mimi ndiye wa kuulizwa.

"N'lijuwaje mambo ya nakala? N'na ndugu yangu fundi."

Nikasema nitazirudisha. Nikarudi Wete mbio, nikaingiza kila programu ninayoijua ya kufufua vilivyofutwa, nikauliza grupu zima, nikaomba msaada kwa watu nisiowajua. Lakini diski za siku hizi ukizifuta zimefutika kweli, na mimi kwa uhodari wangu nilikuwa nimeshaijaza vitu vyangu juu yake. Hakikutoka hata kikohozi cha shemeji. Nililia jamani, mwanamme mzima, kichwa juu ya kibodi ile niliyoitamani.

Baada ya siku tatu nikarudi Micheweni kumwambia dada nimeshindwa. Nikampelekea na laptopu, nikamwekea mbele. Akaisukuma ikarudi kwangu.

"Kaa nayo, yako hiyo."

"Dada, usinisimange, nakuomba."

"Sikusimangi. Marehemu kaniusia. Kasema, sauti alizomrekodia mtoto zikishatolewa, laptopu apewe ndugu yako, ndiye aijuaye thamani yake. N'kawa nangoja nitoke eda nikupe kwa mkono wangu." Akajifuta uso kwa kanga. "Umeiba mali yako mwenyewe, ndugu yangu. Umefuta ya mwanangu."

Mnaonisoma, nilitamani ardhi ya Micheweni ipasuke, na ile ni mawe matupu! Kama ningesema neno moja la kweli, "imepona," ningeipata laptopu kwa heri na mtoto angebaki na baba yake. Neno moja lilinishinda.

Dada amenisamehe. Kasema hivyo kwa mdomo wake, na simu anapokea, na nikienda chakula ananitilia. Ila mashine ikiharibika, hata redio, haniambii tena. Raya ananiamkia, "Shikamoo mjomba," kisha anakwenda zake.

Nilikwenda kwa Shehe wetu nikamweleza yote, nikamuuliza nifanye nini. Akanisikiliza, akasema, "Kwa Mungu tubu. Dada'ko kakusamehe, alhamdulillahi. Lakini haki ile ni ya mtoto, na msamaha wa mtoto haushiki. Subiri akue, akili imtimie, umwendee umwambie kila kitu kama ulivyon'ambia miye, umwombe. Akikataa ana haki."

Kwa hiyo nangoja. Kuna siku binti mzima atakaa mbele yangu nami nitalazimika kumwambia kwamba mashine ilikuwa inawaka nilipomwambia mama yake imekufa. Naifikiria siku hiyo kila nikiswali.

Nyinyi wenzangu wa Linux, mnaoulizana kila siku laptopu gani nzuri, ya ram ngapi, ya kibodi gani, nisikilizeni. Chagueni mtakavyo, kuukuu ni nzuri, sibishi. Lakini mashine ya mtu si chuma na plastiki. Kabla hujabonyeza pale pa kufuta yote, muulize mwenyewe kuna nini ndani, na kama mwenyewe amekufa waulize aliowaacha. Uliza hata kama unajua. Uliza hasa ukiwa unajua! Na ukiulizwa imepona au haikupona, sema kweli, maana hujui anayeuliza anangoja nini.

Laptopu ninayo, kabatini. Inafanya kazi kila kitu, na spika zake ni nzuri mno.

Wiki iliyopita nilikuwa kwa dada, nikamsikia Raya chumbani akidurusu sura zake peke yake. Amejifunza kwa maalim chuoni sasa, anasoma vizuri mashaallah. Lakini kila akimaliza aya moja hunyamaza, anangoja kidogo, ndipo anaendelea na ya pili. Maalim anamgombeza kwamba anakatakata. Dada amejaribu kumwachisha, hajaweza.