Kadi ya sungura niliyompelekea Hadija

Jamani, leo mtoto niliyemzaa mwenyewe ameniita shangazi.

Tangu niachane na baba yake, Hadija akiwa bado mchanga, anaishi naye huko mjini Muyinga. Leo ni siku yake ya kuzaliwa. Nilimchorea kadi kwa mkono, sungura mwenye mkia wa pamba, nikapanda basi kutoka Gitega.

Aliifungua akacheka, akaupapasa ule mkia.

Kisha akamkimbilia mke wa baba yake:
"Mama, ona! Shangazi amenichorea sungura!"

Yule mwanamke akainamisha macho. Baba Hadija akaninong'oneza, "Usimchanganye mtoto siku ya furaha yake."

Furaha yake! Na uchungu wa kumzaa aliusikia nani?

Hadija akarudi, akaniuliza, "Shangazi, we uko na watoto?"

Nikamwambia, "Niko na mmoja."

Mungekuwa ni nyinyi, mungemjibu nini?