Shuka Lililolikwepa Beseni

Wapo watu ambao mtaa huwajua kwa sura, na wapo wanaojulikana kwa sauti. Dobi huyu alijulikana kwa harufu. Kabla hajakunja kona, harufu ya sabuni ilikwisha kufika, ikakusalimia, ikapita. Watu wakamwita Biladoa, na jina likamkaa kama nguo ya kupimiwa.

Chumba chake cha kazi kilitazama barabara. Humo mlikuwa na meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, pasi mbili za mkaa, na rafu za nguo zilizokunjwa zikanyooka kama matofali. Nyuma kulikuwa na ua wenye kamba za kuanikia, mabeseni, na pipa la kuchemshia nguo nyeupe. Kazi hiyo aliirithi kwa mama yake, aliyefulia watu mpaka vidole vikasahau kukauka. Mama huyo hakumwachia shamba wala nyumba, alimwachia neno: doa hupigwa likiwa bichi. Ukilipa nafasi ya kulala, limehamia, na kumhamisha aliyehamia ni kesi.

Basi Biladoa aliishi kwa neno hilo. Tone la mchuzi likianguka mezani, wengine wanaendelea kula, yeye yuko na kitambaa. Wajukuu wa jirani walimkimbia si kwa ukali wake, bali kwa sababu alikuwa hawezi kumwona mtoto mwenye kamasi akampita.

Mkewe ndiye aliyepiga pasi, na chini ya meza ya mkewe, miguuni, alilala mbwa jike wa rangi ya majivu aliyeitwa Kivuli. Alikuja mwenyewe, mwaka ule binti yao wa mwisho alipoolewa na nyumba ikabaki inasikika saa ya ukutani tu. Mke alikuwa amesimama mlangoni hana la kufanya, mbwa naye amesimama barabarani hana pa kwenda, wakatazamana, wakaelewana. Biladoa hakuulizwa. Yeye na Kivuli walikuwa na mkataba wa kimyakimya: wewe usivuke kuja kwenye nguo nyeupe, nami sitakuuliza manyoya haya ni ya nani.

Sasa ikatokea binti na mbwa wakawa wajawazito kipindi kimoja. Binti alikuwa mbali, na ilikuwa mimba yake ya kwanza, kwa hiyo mama akafunga mzigo akamfuate. Siku ya kuondoka alichuchumaa, akampapasa Kivuli tumbo lililokwisha kushuka, kisha akamtazama mumewe kutoka kulekule chini.

"Mimi nakwenda kumshika mwanangu. Huyu nimekuachia wewe. Usije ukaniambia baadaye kwamba ulikuwa na nguo za watu."

Biladoa akasema nenda salama, mbwa hafundishwi kuzaa. Na hilo ndilo kosa lake la kwanza, ingawa ni dogo.

Siku ilipofika, alikuwa uani anasuza. Aliyegundua ni shangazi yake, dada wa marehemu baba yake, bibi aliyekaa nao tangu alipofiwa na mumewe. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kiti karibu na mlango wa ua, shuka mabegani, akiona kila kitu na kusema nusu yake. Alimwita mpwa wake akamwambia huyu mama anasukuma tangu asubuhi na hakuna kinachotoka. Biladoa akaacha maji. Kivuli alikuwa amelala kwenye boksi lake, ulimi nje, mbavu zikipanda na kushuka, na macho yake yanamtafuta mtu ambaye hayupo.

Akampigia simu daktari wa mifugo. Akaja binti mmoja mwenye mabuti ya mpira na mikono isiyo na haraka. Akampima Kivuli, akatikisa kichwa: wa kwanza amekaa kiubavu, amewafungia wenzake njia. Ilichukua muda mrefu, na tusiueleze wote. Wa kwanza alitoka amekwisha kufa. Watatu waliomfuata walitoka hai, lakini uhai wenyewe ulikuwa wa kubahatisha, wamelegea kama soksi zilizokamuliwa. Daktari aliwasafisha pua, akawasugua migongo, akaomba vitambaa, Biladoa akaleta, akaomba vingine, akaleta. Wa mwisho, mdogo kuliko wote, alitoka hapumui. Vitambaa vilikuwa vimeloa vyote. Shangazi akavua shuka lake mabegani, akampokea nalo, akamsugua huku akimsemesha kama anayemwamsha mtu aliyechelewa kazini, mpaka kile kiumbe kikatoa sauti nyembamba ya bawaba isiyotiwa mafuta. Palepale shangazi akamwita Kifungo, maana alikuwa wa kutosha tundu la shati.

Daktari alimchoma Kivuli sindano ya usingizi, akamwacha apumzike. Akaacha maziwa ya unga ya watoto wa mbwa na bomba la sindano lisilo na sindano, akaeleza: wapate joto kwanza, ndipo walishwe, maana mtoto wa baridi akinyweshwa maziwa, maziwa humuua. Mama akizinduka, wawekwe kwenye chuchu zake. "Na wasioge," akamalizia. "Wapanguseni kwa kitambaa kikavu, basi." Biladoa akaitikia, ndiyo daktari, naam daktari. Daktari akaenda, ng'ombe alikuwa anamsubiri kwingine.

Mazoea yana taabu, ndugu zangu. Yule mtu aliketi mbele ya lile boksi akiwatazama watoto wanne. Walikuwa na damu, walikuwa na ute wa kijani kwenye manyoya, na ute ulikuwa unaanza kukauka. Alitazama pembeni. Akatazama tena. Shangazi alikuwa amesinzia, Kivuli amelala. Sauti ya mama yake ikamjia: likiwa bichi, mwanangu.

Akapasha maji, akayapima kwa kiwiko. Akachukua sabuni laini ile ya nguo za vichanga, akawaogesha mmoja mmoja kwa kiganja, kwa upole ambao hata binti yake hakuwahi kuupata. Akawasuza kwa yale maji ya manukato ya kulainishia mashuka. Akawakausha kwa taulo zilizopigwa pasi, za moto wa kupendeza, na hapo, tuwe wa haki, alifanya vizuri, joto walilipata. Kisha akakusanya kila kitambaa kilichoguswa na uzazi ule, pamoja na tandiko la boksi na shati lake mwenyewe, akavitumbukiza kwenye pipa. Akanyoosha mkono hata kwenye shuka la shangazi, lakini bibi alifumbua jicho moja, akalivuta, akalikalia.

"Hili lina damu, shangazi."

"Najua. Acha."

Halafu akanusa hewa, akawachungulia wale watoto, akauliza ni mbwa gani hawa wanaonukia kama bibi harusi. Biladoa alicheka, akaenda kuanika.

Kivuli alipozinduka, Biladoa alimwekea wanawe tumboni. Mbwa akawanusa. Akapiga chafya. Akageuza uso. Biladoa alipowasogeza karibu zaidi, mbwa alinguruma kidogo, akajiinua kwa shida, watoto wakadondoka kama vifundo vya nyuzi. Akatoka nje akiyumba. Akazunguka ua mzima, pua chini, akanusa pembe za ukuta, akafukua chini ya pipa la kuchemshia, akalia kwa sauti ya chini isiyokatika. Alikuwa anawatafuta wanawe. Na wanawe walikuwa pale nyuma yake, wanalia kwa njaa.

Simu ikaita wakati huohuo. Alikuwa mkewe, sauti imechoka kwa furaha: binti amejifungua salama, msichana, ana paji la uso la babu yake, masikini. Biladoa akamshukuru Mungu. Kisha mkewe akauliza, na mwenzake je? Akajibu amezaa, wanne wazima.

"Wananyonya?"

Biladoa akamtazama Kivuli anavyofukua udongo.

"Wanapumzika," akasema.

Alipokata simu aliona aibu kama mtu aliyeshikwa na nguo ya mteja mwilini. Akampigia daktari, akasema yote, hata maji ya manukato. Daktari hakumgombeza, na afadhali angemgombeza. Alimweleza taratibu kwamba mbwa hamjui mwanawe kwa macho. Amemzaa akiwa na maumivu, amelala kwa sindano, alichobaki nacho cha kumtambulia ni harufu tu, na harufu ile imefutwa. Aendelee kuwalisha kwa bomba, lakini kwa vichanga dhaifu kama hawa bila maziwa ya mama, hasa yale ya kwanza, hawezi kumwahidi kitu. "Mzee wangu, kuna kitambaa chochote cha uzazi kilichobaki? Chochote kichafu?"

Biladoa akageuka akaitazama kamba. Vitambaa vyote vilikuwa pale, vinapepea, vyeupe pe, hakuna hata kivuli cha doa. Maisha yake yote aliusimamia weupe ule kwa fahari, na leo alikuwa tayari kuupiga teke.

Akarudi kwenye boksi, akajaribu kumlisha Kifungo. Alimlaza chali, kama anavyolishwa mtoto wa mtu, na maziwa yakatokea puani. Shangazi akamwambia amgeuze, kisha akasema kwa sauti ya chini:

"Unakumbuka koti la marehemu mume wangu?"

Alilikumbuka. Wiki ile ya msiba alilikuta limetundikwa chumbani kwa shangazi, kola imefubaa kwa jasho, akalichukua alifue, iwe msaada. Alimrudishia limepigwa pasi, mikono imesimama. Shangazi alilipokea, akalipeleka puani, akalikunja, akaliweka chini kabisa sandukuni. Hakulitoa tena. Biladoa siku zote alidhani ni kwa kulienzi.

"Lilirudi likiwa koti la dukani," shangazi akasema. "Sikukwambia kitu. Ulikuwa umefanya kwa mapenzi."

Shangazi akainuka kwenye kiti kwa kujishikilia ukuta, akalichomoa lile shuka alilolikalia, limekunjamana, lina damu iliyokauka na alama za ute wa kijani, na harufu yake ukiwa mlangoni unaipata.

"Nakupa. Lakini si la kufua."

Wakaketi chini wote wawili, mtu mzima na mtu mzima zaidi, wakawaviringisha watoto ndani ya shuka mmoja baada ya mwingine, wakawasugua vichwa, migongo, na matako, mpaka manukato yakasalimu amri. Kisha wakalitandaza shuka boksini na watoto juu yake, wakajiondoa. Kivuli alikuja hadi katikati ya ua, akasimama. Sikio moja likainuka. Akasogea, akalinusa shuka pembe kwa pembe, akaingiza pua ndani ya mkunjo na kuiacha humo. Alipoitoa alimlamba wa kwanza, akamlamba wa pili, kwa ukali wa mzazi anayempiga mtoto aliyepotea sokoni na kumkumbatia papo hapo. Akajilaza. Watatu wakashika chuchu.

Kifungo hakuweza. Nguvu za kunyonya hazikuwepo, na alikuwa anapoa upesi. Mama yake akawa anamsogeza pembeni kwa pua. Daktari aliposikia habari alifurahi, akasema huyo mdogo awekwe kifuani kwa mtu, ngozi kwa ngozi, na kila saa chache arudishwe kwa mama. Na huyo mtu asijipake sabuni ya harufu, wala asibadilishe shati mpaka mtoto apate nguvu.

Biladoa akarudia maneno hayo kama mtu anayesomewa hukumu. Asibadilishe shati.

Hakulibadilisha. Alimfunga Kifungo kifuani kwa kitambaa, akavaa shati juu yake, na akawa hivyo siku hadi siku, maziwa yakimdondokea, mkojo wa mtoto ukimchora ramani tumboni. Baada ya kila mlo alimpangusa nyuma kwa pamba yenye uvuguvugu ili ajisaidie, na akikojoa Biladoa anatangaza kwa shangazi kama ni habari ya taifa. Mtaa ulishangaa. Karani mmoja alikuja kuchukua shati lake jeupe, akaona tumbo la dobi linajongea na kulia.

"Biladoa, njaa hiyo."

"Ni mteja. Yuko ndani anapimiwa."

Karani akaondoka akicheka, lakini kufika nje akalinusa shati lake, kuhakikisha. Wengine wakaanza kumwita Madoadoa. Aliitika.

Ikafika asubuhi Kifungo akashika chuchu mwenyewe, akawasukuma wenzake kwa miguu kama abiria mwenye haki ya kiti. Biladoa aliketi pale akimwangalia, mkono bado umeshika kifua kitupu.

Mkewe alirudi mchana wa siku hiyohiyo. Alisimama mlangoni akisema alidhani amekosea nyumba, maana harufu haikumpokea, na iliyompokea haijui. Kivuli akamrukia. Mama akachuchumaa, akawahesabu kwa kidole, akamwinua mumewe uso. Naye akamweleza lote: sabuni, pipa, kamba, na lile neno "wanapumzika". Alieleza akitazama chini. Mkewe alisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema vua shati hilo kabla halijakimbia lenyewe. Ndipo Biladoa akajua amesamehewa.

Alipokwisha kuoga, mkewe alifungua mzigo wake akatoa kitambaa kidogo laini, akampa. Alikuwa amekitoa mgongoni mwa mjukuu asubuhi ile ya safari.

"Sijakifua," akasema.

Katikati yake kulikuwa na doa la maziwa, bichi bado. Vidole vya Biladoa vililifikia vyenyewe, vikalipapasa kingo, kama vilivyofunzwa. Shangazi kwenye kiti chake alifumbua jicho moja. Mtu yule akakipeleka kitambaa puani, akafumba macho, akakaa hivyo muda mrefu. Kisha akakikunja polepole, doa likiwa ndani, akakiweka kwenye rafu ya juu, mbali na mabeseni.