Gome Lililonukuliwa Sana

Umewahi kumpigia mtu makofi kwa kosa lake? Shangazi yangu alipigiwa makofi kwa kosa lake kwa miaka mingi, na siku aliposema ni kosa, waliokuwa wakipiga makofi walimwomba anyamaze. Nikiwakumbuka natamani kutema mate.

Shangazi ni mkemia wa dawa. Anachukua gome au jani, analiloweka katika kiyeyusho, kimiminika kikali cha kutoa dawa iliyomo, anachuja na kukausha mpaka abaki na unga unaotosha ncha ya kisu, kisha anaujaribu juu ya vimelea vya homa. Mara nyingi vimelea havishtuki hata kidogo. Anaosha vyombo, anaanza gome jingine. Mikono yake imepauka na kitambaa chake cha kichwa kinanuka maabara hata siku za mapumziko, ndiyo maana sisi wana wa kaka yake tulimwita Shangazi Dawa. Mimi nilisoma kemia kwa sababu yake, na nilipohitimu mwaka jana akanichukua niwe msaidizi wake.

Chuoni hakuna aliyemjali mpaka alipochapisha makala kuhusu gome moja chungu ambalo unga wake uliua vimelea vyote. Ghafla kila aliyeandika kuhusu dawa za mimea akawa anamnukuu. Mkuu wa idara, ambaye jina lake limo katika makala hiyo ingawa sijawahi kumwona ameshika hata chupa, alitundika picha ya shangazi koridoni chini ya maandishi makubwa: WANAONUKULIWA ZAIDI. Sisi wasaidizi tunamwita Bwana Ninukuu. Ukikutana naye mlangoni hakuulizi habari za nyumbani. Anauliza, "Umeninukuu?" Ana wenzake wa kunukuliana, huyu anamtaja yule na yule anamtaja huyu, na hakuna anayesoma cha mwenzake. Uchafu mtupu, nao wanauita utafiti.

Mwezi huu shangazi alikuwa apandishwe kuwa profesa. Kamati ingekutana Ijumaa. Babu, baba yake, alishaanza kumwita Profesa kwenye simu, na majirani wote walikuwa na habari.

Mwanzoni mwa wiki tulirudia kazi ya gome lile ili tupate unga zaidi. Safari hii kiyeyusho kilikuja katika chupa za kioo. Unga haukuua kimelea hata kimoja. Shangazi aliizunguka meza, kisha akasema, "Lete lile dumu la zamani." Enzi za makala ile chupa za kioo zilichelewa kufika, wakahifadhi kiyeyusho katika madumu ya plastiki. Tulikausha kiyeyusho kilichosalia dumuni peke yake, bila gome. Mabaki yake yakaua vimelea vyote.

"Kiyeyusho kilikuwa kinaila plastiki," akasema. Akavuta kiti, akakaa. "Dunia nzima inanukuu dumu, mwanangu."

Alhamisi mchana tuliingia kwa Mkuu na matokeo yetu. Nilimwamkia shikamoo, hakuitikia.

"Karibu, Profesa mtarajiwa!"

"Nataka makala ya gome ifutwe, Mkuu. Ni kosa. Kilichoua ni plastiki."

Mkuu akaacha kutafuna karanga. "Lakini vimelea si vilikufa?"

"Vilikufa kwa sumu. Kuna watu wanapanga kuwapa wagonjwa gome hilo."

"Watagundua wenyewe. Dada yangu, ngoja kesho ipite. Ukiifuta leo unabaki na nini? Vijimakala ambavyo hata wewe huvisomi. Na jina langu limo, usinivue nguo hadharani."

Nilishindwa kujizuia. "Mkuu, mgonjwa akinyweshwa maji ya gome na kuacha dawa yake, hiyo kesho yako itamfaa nini?"

"Huyu kijana ni nani?"

"Mwana wa kaka yangu," shangazi akasema. "Na swali lake ni langu."

Tuliporudi maabara aliwaandikia wachapishaji mbele yangu, akatuma, kisha akampigia babu.

"Baba, uprofesa haupo tena."

"Umeiba?"

"Hapana."

"Wamekufukuza?"

"Hapana. Nilikosea, na leo nimesema."

Nikasikia sauti ya babu ikikwaruza, "Basi niachie mimi hao majirani."

Asubuhi iliyofuata tulifika mapema. Koridoni Mkuu alikuwa amesimama juu ya kiti na viatu miguuni, anaibandua picha ya shangazi kwa kucha. Kwapani alikuwa amebana picha nyingine yenye fremu mpya: yake.

"Aa, Daktari," akasema bila haya. "Nimewaandikia wachapishaji kwamba uliweka jina langu humo bila kuniuliza. Usinichukie, dada, kila mtu na mkate wake. Hebu nishikie kiti, kinayumba."

Nilikuwa tayari kukipiga teke. Shangazi akanisogeza kwa kiwiko, akaweka mkoba sakafuni, akakishika kiti kwa mikono yake iliyopauka mpaka Mkuu alipomaliza kutundika na kushuka.

"Imekaa sawa?" Mkuu akauliza.

"Imepinda," shangazi akasema, akaingia maabara kuosha chupa.