Kisu Kilichotoka Mara ya Kwanza

Prokop Shubin hakuwa na gari, hakuwa na cheo, na nywele zilimhama angali kijana. Lakini alikuwa na kisu, na mtu mwenye kisu kama kile hahitaji nywele.

Kilikuwa kisu kidogo cha kukunja. Ukikifunga kilikuwa na urefu wa kidole chake cha kati, na uzito wake, kama alivyopenda kusema mwenyewe, ni uzito wa shomoro aliyekosa chakula cha mchana. Kila kitu chake kilikuwa titani, metali nyepesi isiyoshika kutu: mpini titani, pini titani, na hata bapa lenyewe titani.

Sasa, kwetu Belokamenka titani si kitu cha kushangaza. Kiwanda cha titani kimo katikati ya mji kama moyo kifuani, na nusu ya wanaume wamestaafu kutoka huko. Koleo za theluji tunazo za titani. Kikaango cha titani, nyundo ya titani, mtaimbo wa kutobolea barafu ya mtoni, vyote titani. Tukifa tunawekewa uzio wa titani makaburini, kwa hiyo hata kutu imetukatia tamaa. Ila kisu cha Prokop kilikuwa jambo jingine. Watu walikuwa wanavuka barabara ili wakione, na wengine walivuka barabara ili wasioneshwe tena.

"Kisikilize," angemwambia kinyozi, angali na povu shavuni. Kisha angekifungua kwa kidole gumba. Tik! Sehemu ya mpini wenyewe ilikuwa imechanjwa ikawa kama ulimi mwembamba, na bapa likifunguka, ulimi ule uliruka nyuma yake na kulizuia lisirudi kukukata vidole. "Umesikia? Hakuna parafujo hata moja. Hakitikisiki. Vuli nzima kilizama kwenye pipa la matango ya chumvi, nikakitoa kinang'aa kama bwana harusi. Ukiwa unaoga kwenye nyumba ya mvuke hakikuunguzi, na baridi ya Januari haikifanyi kikung'ate vidole. Na nilikitengeneza mwenyewe."

"Najua, Prokop Yermolaich. Geuza shingo."

"Mara ya kwanza! Sikuharibu hata kimoja. Nilikaa, nikakata, nikasugua, kikatoka."

Hadithi hiyo alimsimulia kinyozi, akamsimulia mwuza mikate, akamsimulia na daktari aliyekuwa akimpima shinikizo la damu, ambaye alisema ndiyo maana lilikuwa juu. Miaka thelathini na minane aliendesha mashine ya kufua vyuma, akibonyeza vipande vya titani vyekundu vyenye ukubwa wa ng'ombe, na vyote viliondoka kwa treni wala hakujua vilikwenda wapi. Kisu kile kilikuwa kitu cha kwanza alichokitengeneza kikabaki mfukoni mwake. Kwa hiyo msimcheke sana.

Mkewe, Faina, yeye alicheka. Alikuwa mpishi mkuu wa shule kwa miaka ishirini na sita, na kisu alikijua kama padri anavyoijua misa. Kisu cha mumewe hakikuruhusiwa kusogelea kabichi zake.

"Kizuri sana," alikuwa akisema. "Kwa kupaka siagi hakina mfano."

Na hapo ndipo penye kidonda. Titani haishiki makali. Kila mtu duniani anajua hilo isipokuwa mtu wa Belokamenka, maana mtu wa Belokamenka akiambiwa titani haiwezi jambo, anaona ametukaniwa mama. Fundi wa mji mwingine yeyote angetengeneza mpini wa titani na kuupachika bapa la chuma cha pua. Prokop aliambiwa hivyo mara nyingi, akajibu, "Na wewe ukioa, ungeazima kichwa cha mke wa jirani?" Basi kisu kikawa kinakata vizuri mkate wa kwanza, mkate wa pili kinausukuma, na wa tatu kinaubembeleza.

Mambo yangeendelea hivyo kwa amani, lakini binti yao wa pekee, Ustinya, alipata mchumba. Kijana mwenyewe, Gleb, alikuwa mpole na mrefu, hana kasoro yoyote ila moja: alitoka Zlatousti. Kama hujui, Zlatousti ndio mji wa chuma cha pua katika milima yetu. Huko mtoto akizaliwa wanamwangalia kama ana makali. Na baba yake Gleb, mjane aitwaye Anisim Chernykh, alikuwa mfua visu, mwana wa mfua visu, mjukuu wa mfua visu.

Ikapangwa aje Jumapili, chakula cha mchana, wazee waonane. Prokop, badala ya kunyamaza kama watu wenye akili, akachukua simu.

"Karibu sana, mkwe! Mama Ustinya atapika pai ya samaki. Na katika nyumba yangu mwenye nyumba ndiye anayepasua pai, kwa kisu chake mwenyewe. Utaona kisu!"

"Nitafurahi kukiona," ilisema sauti ya Anisim, taratibu kabisa.

Faina, aliyekuwa akisikiliza, aliweka mwiko chini. "Prokop. Pai ya unga mgumu wa rai. Na hicho kijiko chako."

"Kitakata."

"Kitatuaibisha."

Siku tano Prokop alikinoa. Alikinoa juu ya jiwe, juu ya ngozi ya mkanda, juu ya kitako cha kikombe. Alipomaliza kiliweza kunyoa nywele za mkono, na kwa kuwa hizo ndizo nywele pekee alizobaki nazo, tuseme alijitolea.

Jumapili ikafika. Anisim alikuwa mtu mfupi, mpana, mwenye ndevu za miiba, mikono kama koleo na maneno machache. Walikaa, wakagonga glasi za vodka, wakala matango na uyoga wa chumvi. Kisha Faina akaleta pai, ndefu kama mto wa kulalia, ngozi yake ya rangi ya buti, samaki mzima amelala ndani. Prokop akasimama. Tik! Kila mtu akatazama.

Upande wa kwanza kisu kilipita vizuri. Prokop akamkonyeza binti yake. Upande wa pili kilianza kusitasita. Upande wa tatu kilikuwa kinateleza juu ya ngozi ya pai kama kuku juu ya barafu, na Prokop, jasho likimtoka, akakikandamiza kwa mikono miwili. Pai ikabonyea, ikapasuka ubavuni, na mchuzi ukaruka hadi kwenye tai ya Gleb.

"Si kitu, baba," alisema Gleb haraka. "Tai yenyewe ilikuwa ya zamani."

Anisim alitoa mfukoni kisu chake cha chuma cha pua, cheusi, chenye mpini wa mti, akakipitisha upande uliobaki. Hakuna aliyesikia sauti. Pai ilifunguka kana kwamba ilikuwa ikimngoja yeye tu.

"Ahsante, mkwe," alisema Faina, akimtazama mumewe.

Prokop aliumeza ule uchungu pamoja na glasi moja. "Makali ni kazi ya chuma cha pua," alisema. "Ninyi wa Zlatousti lazima muwe na kitu kimoja mnachojua."

Anisim alicheka, na kumbe kicheko chake kilikuwa kizuri. Akanyoosha mkono. "Lete nikione."

Akakipokea. Hakutazama bapa hata kidogo. Alikifungua, akakifunga. Tik. Akakisogeza sikioni, akafungua tena. Tik. Akalishika bapa kwa vidole viwili akajaribu kulitikisa, halikutikisika. Akakiinua mbele ya dirisha aone kama mwanga unapita kati ya ulimi na bapa, haukupita. Mezani samaki akawa anapoa.

"Umekinunua wapi?" aliuliza.

"Nimekinunua!" Prokop aliruka. "Nimekitengeneza, kwa mikono hii!"

"Mkwe, kununua si aibu. Kazi kama hii wanaifanya kwa mashine zinazoongozwa na kompyuta, ng'ambo huko. Visu vyangu vyote vya kukunja, baada ya mwaka vinacheza kama jino la mzee. Bapa naliweza. Kiungo kimenishinda maisha yangu yote."

"Nimekitengeneza mimi. Muulize yeyote mjini!"

"Uliharibu vingapi kabla ya hiki?"

Na Prokop, kwa mazoea ya miaka mitatu, akajibu kabla hajafikiri: "Hata kimoja. Kilitoka mara ya kwanza."

Anisim akakiweka kisu mezani, polepole, kama mtu anayerudisha kitu kisicho chake. "Basi umekinunua," alisema. "Nimefua visu miaka arobaini na miwili. Hakuna mkono duniani unaoutoa mlio huu mara ya kwanza. Tuendelee kula."

Alisema bila ubaya, na hilo ndilo lililochoma zaidi. Prokop alimtazama binti yake. Ustinya alikuwa ameinamisha uso, anachorachora kitambaa cha meza kwa uma. Yeye ndiye aliyekuwa akiwaambia wenzake kazini, baba yangu ametengeneza kisu, njooni mkione. Butu ni butu, hilo Prokop angelibeba. Lakini kuonekana mwongo mbele ya mtoto wake, na juu ya kitu cha kweli pekee alichokuwa nacho!

Kulikuwa na njia moja ya kujisafisha, na alikuwa ameifungia mahali ambapo hakutaka mtu yeyote aione hadi siku ya uzio wa titani.

Akasimama. Akatoka na ndara za nyumbani, bila koti, theluji ikimfika vifundoni, akakata uwanja hadi nyumba ya mvuke. Wakamwona kwa dirisha akipanda ngazi ya darini.

"Ameenda kujinyonga?" aliuliza Anisim, kidogo ana wasiwasi.

"Kwa kamba gani?" alisema Faina. "Angelazimika kuikata kwanza."

Akarudi amekumbatia buti moja kuukuu la sufu. Akalipindua juu ya meza, katikati ya matango na uyoga, na visu vikamwagika kwa kelele: vimepinda, vimevunjika, vingine nusu, vingine havina bapa. Kila kimoja kilikuwa na namba na tarehe iliyokwaruzwa kwa sindano.

"Kumi na saba," alisema Prokop, na sauti haikuwa ya yule wa kwa kinyozi. "Hicho ni cha kumi na nane. Niliongopa. Tazama. Namba moja haikufunguka kabisa. Titani juu ya titani vinang'ang'aniana kama walevi wawili. Mpaka namba tisa ndipo nilipotia pete nyembamba za shaba katikati. Ndiyo, shaba! Imo humo ndani, na nimewaapia watu kwamba hakuna. Namba nne ulimi ulikatika. Namba sita ulimi ulinasa, bapa likabaki nje. Namba kumi kilijifungua chenyewe mfukoni, na daktari alinishona nyuzi nne mahali ambapo sitapataja mbele ya Ustinya."

"Uliniambia ni msumari wa benchi!" alisema Faina.

Lakini macho yake yalikuwa yameshahama. Alichukua kisu kimoja, akakigeuza. Kwa ndani mpini ulikuwa na herufi za kuchongwa, nzuri, za mashine. Akachukua kingine. SHU. Kingine. MIAKA 3. Kingine, nusu ya nembo ya kiwanda.

"Prokop," alisema kwa sauti ya chini. "Hili ni bamba lako. Bamba ulilopewa na wenzako siku ya kustaafu. Mbona uliniambia limeazimwa na klabu ya kiwanda, liko kwenye maonyesho?"

"Ilikuwa titani safi kuliko zote, Faina. Na lilikuwa linakaa ukutani tu, linasema nilifanya kazi. Nilitaka nifanye."

Hakuna aliyecheka. Anisim alikuwa amesukuma sahani yake kando. Alivipanga visu vyote kwenye mstari, moja hadi kumi na saba, akavaa miwani, na kuanza kuvifungua kimoja kimoja, vile vilivyoweza kufunguka, sikio limeinama. Namba kumi na moja kilikwaruza. Namba kumi na mbili kilisema kitu kama tik, kwa kigugumizi. Anisim akakirudia, mara tatu, kisha akatikisa kichwa kama mtu aliyekutana na ndugu yake sokoni.

"Hapa," alisema. "Hapa ulielewa."

"Hapo hapo," alisema Prokop. "Mwezi wa pili, siku ya kumi na tisa. Niliogopa kupumua."

Mzee wa Zlatousti akainuka, akaizunguka meza, akambusu Prokop mashavuni mara tatu kama desturi ilivyo, na kwa ndevu zile haikuwa starehe. "Nisamehe, mkwe. Nilikuita mwongo."

"Nilikuwa mwongo."

"Ulidanganya upande mwingine, si ule niliodhani. Nipe hiki namba kumi na mbili. Nitakitundika karakana, juu ya nyundo ya babu yangu."

"Hicho kibovu? Chukua kizuri!"

"Kizuri kitanitia wivu. Hiki kitanifundisha. Na unitengenezee mpini mmoja, mtupu, bila bapa. Bapa nitatia mimi."

Prokop alikichukua kisu chake, akakifungua, akakifunga. Kwa mtu wa Belokamenka lile lilikuwa ombi zito kuliko la kumtoa binti. Mwishowe akasema, "Nitafikiria," na Ustinya akamrukia shingoni akicheka na kulia, na pai, ingawa ilikuwa imepoa na kubonyea, ililiwa yote hadi mifupa.

Harusi ilikuwa mwezi wa sita. Prokop ameendelea kuonyesha kisu chake kwa kila mtu, na makali yake hayajapata nafuu. Ila maneno yamebadilika. Kwa kinyozi, povu likiwa shavuni, sasa anasema, "Mara ya kwanza? Mara ya kwanza ni ya wenye kununua! Mimi niliharibu ishirini na tatu kabla ya hiki."

Wiki iliyopita visu vilivyoharibika vilikuwa vimefika thelathini na kimoja, na, kwa maneno yake, yule mzee wa Zlatousti alipoviona alipiga magoti.