Nati ya Inchi kwenye Bolti ya Milimita

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya magari ya serikali pale Nyeri sikupewa spana. Nilipewa bolti mbili, nati mbili na kitambaa chenye mafuta. Fundi mkuu, Mzee Kariuki, alinitilia bolti viganjani, moja kulia na moja kushoto, akaniambia nimweleze tofauti. Nilikuwa nimetoka Giakanja asubuhi hiyo kwa miguu. Masomo yangu yaliishia darasa la nne, na viatu nilivyovaa vilikuwa vya shemeji yangu. Nikazitazama, nikazipima urefu. Nikasema ni mapacha.

"Basi utaua mtu," akasema, akaenda kunywa chai.

Nilikaa na zile bolti mpaka saa nane. Ndipo nikajaribu kubadilisha nati. Ya kushoto ilikataa kabisa kuingia upande wa kulia. Ya kulia iliingia upande wa kushoto, lakini ilicheza kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Mzee Kariuki akaja akaitikia kwa kichwa, maana yake nimeajiriwa. Bolti ya kulia ilikuwa ya nusu inchi, kipimo cha Waingereza. Ya kushoto ilikuwa ya milimita kumi na mbili, kipimo cha Warusi. Nusu inchi ni milimita kumi na mbili na kipande kidogo. Hicho kipande kidogo ndicho nataka nyinyi mnaofungua magari kwa kompyuta mkijue. Kilikula mguu wa rafiki yangu.

Kwa nini tulikuwa na vipimo viwili karakana moja? Uhuru ulikuwa mchanga. Warusi walikuwa upande mmoja, Waingereza na Wamarekani upande mwingine, na hawakuwa wanapigana. Walikuwa wanaonyeshana ngumi. Sisi tulikuwa katikati, kwa hivyo kila mmoja alitaka tumwone yeye ndiye mwenye misuli. Warusi wakatuletea lori sita za kijeshi, magurudumu kama mapipa. Wale wengine wakasema wataleta zao, kubwa zaidi. Tulipiga makofi kote kote.

Mzee Kariuki hakupiga. Alikuwa fundi wa magari ya jeshi kule Burma, katika vita vya mfalme wa Waingereza, na alikuwa hapendi kuvisimulia. Mara moja tu, tukiwa chini ya lori, aliniambia, "Hawa wanaonuniana leo, nimewaona wakiwa upande mmoja wa vita. Kule Burma magari yetu ya inchi na yale ya milimita tuliyowateka Wajapani yalikuwa kambi moja. Nilizika watu wawili kwa sababu ya nati. Risasi hata haikuwa hapo."

Kutoka kule alirudi na kitu kimoja, nacho kilikuwa mazoea ya kupaka rangi. Spana na nati zote za milimita alizipaka alama nyekundu, akaziweka kwenye sanduku jekundu. Za inchi alizipaka buluu, sanduku la buluu. Ungeuliza kwa nini rangi hizo, angekwambia ndiyo mikebe aliyoikuta stoo. Fundi asiyejua kusoma aliweza kufanya kazi pale bila kukosea, na walikuwa wengi wa namna hiyo.

Sasa dereva wa lori moja la Kirusi alikuwa Juma, mtu wa Majengo, rika langu. Mdomo wake haukuwa na breki. Kila asubuhi alinikuta nimelala chini ya gari akanipiga teke la kiatu.

"Wambugu, umekufa?"

"Bado."

"Basi amka ufanye kazi, mtu wa mlimani. Hii gari inakunywa mafuta kuliko mjomba wangu."

Siku moja kabla ya ule upande wa pili kuleta lori zao, injinia wa wilaya alikuja kukagua. Alikuwa mtu wetu, Mwafrika wa kwanza kukalia kile kiti, suti yake imepigwa pasi mpaka inakata. Balozi wao angepita karakana akitoka kwenye sherehe uwanjani, pamoja na kanali wake. Injinia akasimama mbele ya masanduku.

"Kariuki, hii nyekundu ni ya nini?"

"Ni ya milimita, bwana injinia."

"Mimi naona ni ya Moscow."

Tukacheka. Yeye hakucheka.

"Kesho kanali anaingia hapa. Akiona nyekundu kila mahali ataandika nini kwao? Ati Nyeri wamekuwa wakomunisti? Pakeni kila kitu kijivu. Leo."

"Bwana injinia, hii rangi ni ya kutenganisha. Kule Burma..."

"Burma iliisha, mzee. Paka."

Tulipaka. Nati tulizitumbukiza kwenye parafini alama zitoke, na kwa haraka zote zikamwagwa kwenye trei moja. Mzee Kariuki akatumwa kusimamia lango lipakwe chokaa. Mimi nikabaki na lori la Juma, ambalo tulikuwa tumelifungua sanduku la usukani, lile linalopokea mzunguko wa usukani na kugeuza magurudumu. Linashikwa kwenye chasisi kwa bolti nne. Lori lilitakiwa kubeba viti vya wageni asubuhi.

Nilichota nati nne kwenye trei. Mbili ziliingia vizuri. Mbili zilicheza kidogo kabla ya kukaza. Nilihisi. Sitasema sikuhisi. Nikajiambia ni parafini, nikavuta spana mpaka ikagoma. Nati ya inchi kwenye bolti ya milimita hukaza, inakudanganya vizuri kabisa. Lakini nyuzi zake, ile mikato inayozunguka bolti, zimeshikana kwa ncha tu. Gari likitikisika njiani zinasagika, na nati inabaki hapo kama pete kubwa kwenye kidole chembamba.

Kesho yake sherehe ilikuwa ya kupendeza. Ndege mbili za vita zilipita chini mpaka mabati ya soko yakalia, na kina mama wakashika vitambaa vyao vya kichwa. Balozi akasema mambo ya urafiki. Kanali akatembea karakanani kwetu, akatazama masanduku ya kijivu, akasema ni safi sana. Injinia alitabasamu mpaka masikioni.

Jioni Juma alikuwa anarudisha viti. Kwenye mteremko wa mtoni alizungusha usukani, magurudumu yakakataa kufuata. Lori likalala ubavu. Hospitali walimkata mguu wa kulia chini ya goti.

Siku ya tatu injinia aliniita ofisini. Karatasi ya Kiingereza ilikuwa mezani imeshapigwa chapa.

"Weka jina hapa."

"Inasema nini, bwana injinia?"

"Inasema bolti zilikuwa sawa na dereva alikuwa mbio. Unataka kazi au hutaki?"

Niliandika jina langu. Najivuna kwa mengi maishani, nyumba ya mawe na watoto waliosoma, na yote niliyapata kwa mikono hii. Kwa lile jina sijivuni. Nilikuwa na miezi saba kazini, na mama yangu alikuwa anatembea sokoni Giakanja akisema mtoto wake yuko serikalini.

Nilienda hospitali nikamwambia Juma mwenyewe habari za nati na karatasi.

"Nati ilicheza mkononi?" akauliza.

"Ilicheza."

"Na ukakaza."

"Nikakaza."

"Watanifukuza kwa kukimbia, Wambugu. Mguu umeenda, sasa unataka kunipa na jina la mzembe. Nenda ukaseme."

Makao makuu walituma watu watatu kuuliza habari za ajali. Mzee Kariuki aliingia kabla yangu, bila kuitwa, akafungua leso yake mezani. Ndani mlikuwa na nati mbili alizoziokota kule mteremkoni, nyuzi zimelika. Akasema, "Rangi ingekuwepo, hii haingetokea." Nikasimama nyuma yake nikasema mkono ulikuwa wangu, na karatasi yenye jina langu ni ya uongo. Injinia alinitazama kama mtu anayeweka anwani kichwani.

Wale watatu waliandika kwamba ni kosa la ufundi. Juma hakufukuzwa, akapewa kazi ya kukaa langoni na kuandika magari. Mzee Kariuki alistaafishwa mapema, kwa afya, ingawa alikuwa na nguvu ya kuinua sanduku la gia peke yake. Mimi nikapelekwa Kutus. Injinia akapandishwa cheo.

Kutus nilikaa miaka minane, halafu Kerugoya, halafu Nanyuki, ambako wanajeshi wageni huja kujifunzia vita kwenye nyasi zetu. Kila kituo nilinunua rangi kwa mfuko wangu. Msimamizi wa Nanyuki, meja aliyestaafu, aliniuliza kama hii nyekundu ni mambo ya siasa. Nikamwambia ni milimita. Akasema, "Endelea, mzee." Huyo nilimheshimu.

Sasa nimestaafu. Niko na gereji ndogo hapa pembeni ya Majengo, na masanduku mawili. Simu ya mjukuu wangu inanionyesha wakubwa wakitembeza makombora barabarani kama wachumba wanaotembeza ng'ombe wa mahari. Mataifa mengine, magari mengine, makofi yale yale. Mimi nimechoka kuyatazama. Najua hawatafika hapa kuokota nati.

Ijumaa baada ya swala Juma huja, anakalia sanduku jekundu. Mguu wake wa bandia una bolti kwenye kifundo, na hulegea kila baada ya wiki mbili. Huuinua akauweka juu ya meza yangu, katikati ya plagi na filta.

"Fundi, kaza."

"Ni inchi au milimita?"

"Mimi nitajuaje? Niliendesha tu."

Bolti hiyo naijua kuliko meno yangu. Nachukua geji hata hivyo, napima. Nazungusha nati kwa vidole kwanza, polepole, nikisikiliza kama inacheza.