Tundu Nililoliziba

Mwezi wa kumi, kabla mambo hayajaharibika, mimi na Bibi Halina tulikuwa tunaziba madirisha. Ilikuwa Jumamosi yenye jua. Redio iliongea jikoni, uji wa wanga ulichemka, na bibi alikaa kwenye stuli akichana shuka kuukuu vipande virefu kama bandeji. Mimi nilipanda juu ya kiti, nikapaka ule uji kwenye fremu na kubandika vitambaa kwenye mianya. Huko Ukraini nyumba za zamani hufanyiwa hivyo kila mwaka kabla ya baridi. Nilikuwa nasomea udaktari, mwaka wa nne, nimepanga chumba kwa bibi huyo wa miaka sabini na tisa. Na mimi ni mtoto wa Kyela, kwa wafinyanzi wa ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Huku kwetu dirisha tunalifungua ndipo tupate usingizi.

"Unabandika kama unamlisha mtoto uji," akanicheka. "Kandamiza, Asajile!"

Vita vilikuwa vimeanza miezi minane nyuma. Wenzangu waliondoka na treni za mwanzo. Mimi nikabaki kwa ubishi wangu, naona aibu kurudi Kyela bila cheti. Mwezi wa tisa binti wa bibi, Oksana, naye alivuka mpaka na wanawe. Mama yake alikataa katakata kuiacha nyumba. Oksana alinipigia akiwa stesheni: "Nimekuachia mama. Mvushe tu kwenye baridi hii. Ikiisha nitamfuata."

"Usijali, dada," nikamwambia. Nilimaanisha kabisa.

Juu ya jiko la gesi kulikuwa na tundu la hewa, upana wa kiganja, lenye wavu. Upepo uliingia humo mpaka shingo inakufa ganzi. Nilikata sponji, nikaanza kuliziba, bibi akanivuta suruali.

"Hilo liache. Nyumba lazima ipumue."

Nikashuka. Moyoni nikasema, bibi huyu naye ana mambo yake.

Wiki mbili baadaye makombora yalipiga mtambo wa umeme. Nilikuwa naosha vyombo.

Sakafu iliruka.

Taa zikazimika. Kioo cha sebuleni kikamwagika chote ndani.

"Uko mzima?" Sauti ya bibi ilitoka chini ya meza.

"Mzima, bibi."

"Ufagio uko nyuma ya mlango."

Ndivyo alivyokuwa. Tulifagia vioo, tukapigilia nailoni na mablanketi dirishani. Mabomba ya joto ukutani yalipoa siku hiyohiyo, na gesi ikakatika wiki iliyofuata. Kufika Desemba maji yaliganda ndani ya glasi. Tukahamia jikoni wote wawili, yeye kwenye kitanda cha kukunja, mimi sakafuni. Alikohoa, midomo ikawa ya bluu. Nikaogopa, jamani. Nilimwona anaisha mbele yangu na mimi ndiye niliyeahidi.

Basi nikafanya nilichokijua tangu utotoni. Nilitafuta ndoo ya rangi, nikachimba udongo mtoni, nikauchanganya na mchanga kama mama anavyochanganya wa vyungu, nikaikandika ndoo kwa ndani ikawa jiko la mkaa. Mkaa wa kuchomea nyama ulipatikana sokoni. Bibi alinyoosha mikono juu ya moto akacheka kwa mara ya kwanza tangu umeme ukatike. Alinibusu kichwani. Siku nne tuliota moto tundu likiwa wazi.

Siku ya tano upepo ulileta theluji mpaka kwenye blanketi lake. Alipokwenda chooni, nilipanda juu ya kiti nikachomeka ile sponji.

Hapa sijitetei. Moto wa mkaa kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa isiyo na harufu, nayo inaua. Nilikuwa nimelisoma hilo darasani, nikalifanyia mtihani na nikafaulu. Lakini nyumba ya mama yangu ni ya mianzi, upepo unapita kila upande, na mkaa umewaka humo tangu nazaliwa bila mtu kudhurika. Mikono ikafanya ya nyumbani, kichwa kikaiachia.

Baada ya chakula cha mchana bibi alisema kichwa kinamuuma. Nikamwambia ni baridi, alale kidogo. Nikachukua madumu, nikaenda foleni ya maji.

King'ora kililia tukiwa kwenye foleni. Tulikaa handakini saa mbili nzima.

Niliporudi jikoni, nilijua kabla sijamgusa.

Nikararua nailoni ya sebuleni. Nikang'oa sponji. Nikalibeba jiko hadi barazani, nikalifukia kwenye theluji.

Ndipo nikamwita Petro, mzee wa mlango wa pili.

Naomba mtu asome tena mpangilio huo. Nilificha kwanza, msaada nikauita baadaye. Bibi alikuwa ameshapoa, sawa, lakini wakati nabeba jiko nilikuwa sijampima hata mapigo ya moyo. Mwanafunzi wa udaktari!

Oksana alipopiga simu nilimwambia, "Ni baridi, dada. Moyo ulichoka." Akalia sana, akanishukuru.

Sikumaliza masomo. Siku hizi niko nyumbani, nauza vyungu vya mama kwenye soko la Ipinda. Kila Desemba Oksana aliniandikia ujumbe uleule: "Asante kwa kumtunza mama." Na mimi kila Desemba nilijibu, "Pole, dada."

Mwezi wa sita uliopita mwera, ule upepo wa kusini, ulivuma kwa ukali kutoka ziwani, kukawa na baridi ya mvua. Mama amezeeka. Akaniambia nizibe mianya kwa magunia kisha nimwingizie mkaa ndani. Nikamfokea, sijawahi kumfokea mama yangu, nikaumwaga mkaa nje.

"We mtoto, una wazimu? Unataka nife na baridi?"

Nikamweleza yote. Alikuwa anasawazisha mdomo wa chungu, hakuinua macho mpaka nilipomaliza.

"Huyo binti anajua?"

"Hajui, mama."

"Sasa mimi unaniambia ili iweje? Mwambie mwenye mama."

Nilikaa mchangani na simu asubuhi nzima, naandika nafuta. Nilipotuma, jibu lilikuja kabla ya saa kuisha.

"Najua, Asajile. Petro alikuona na jiko, akaniambia siku ya mazishi. Nimekushukuru kila mwaka nikingoja useme mwenyewe. Ungeniambia siku ile, ningekusamehe siku ile."

Nikaandika: "Na sasa, dada?"

Ameusoma. Desemba imekuja, imepita, na ile asante haikuja. Haikuwa yangu tangu mwanzo, lakini kila simu inapolia bado nakimbia kuangalia kama ni yeye.